Gari Lililokuwa Zima Kila Lilipopimwa

Mara ya kwanza gari langu la umeme kuishiwa nguvu lilikuwa limebeba akina mama wanne wa kwaya. Tulikuwa tunatoka mazikoni Masoko kurudi Tukuyu, mvua inanyesha ile ya kawaida yetu isiyo na haraka, na wao, bado na sare zao, walikuwa wanaimba. Tulipofika katikati ya mlima, taa tatu za njano ziliwaka kwa mpigo mbele ya usukani, ikafuata nyekundu, kisha akatokea kobe. Ndiyo, kobe. Waliolitengeneza gari lile waliona kwamba mtu anayeishiwa nguvu mlimani, kwenye mvua, na abiria wanne, anachohitaji ni kuchorewa kobe.

Gari halikuzimika. Lingezimika ningelielewa. Liliendelea kupanda kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni huku hataki aondoke, na kila nilivyokanyaga mafuta, maana mpaka leo nasema mafuta ingawa hayamo, halikujali. Wimbo ulikufa sauti moja moja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa yule anayeimba akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona tunapitwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi.

"Mwalimu," akasema, "si ulituambia hili gari halina kitu cha kuharibika?"

Nilikuwa nimesema. Nilisema kanisani, nilisema sokoni, nilisema kwenye chumba cha walimu, na mara moja nilisema msibani, mwili ukiwa bado ndani. Akina mama wakashuka, wakavua viatu, wakapandisha sketi, wakasukuma. Kwa adabu yao hawakucheka mbele yangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimezaliwa Singida, kwenye jua na vumbi, nikapangiwa kazi Rungwe nikiwa binti wa ajira mpya. Siku ya kwanza niliweka mwavuli mlangoni ukauke, na sidhani kama umewahi kukauka. Mume nilikuwa naye, akafariki. Watoto wamekua, wanajitegemea mbali. Kwa hiyo nilipotaka kununua gari hapakuwa na mtu nyumbani wa kunizuia, na wanaume wengi wa mji huu waliona hilo ni pengo ambalo wao wana wajibu wa kuliziba. Nilishauriwa na mwalimu wa jiografia. Nilishauriwa na mwenye duka la pembejeo. Nilishauriwa na mzee wa kanisa ambaye hajawahi kumiliki hata toroli. Wote walisema gari la umeme ni tochi yenye magurudumu, na wote niliwaona kama kidato cha pili wanaobishana na kitabu. Nikamwagiza mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam, akanitafutia gari dogo jeupe lililotumika Japani, ambalo maandishi yake yote, kuanzia ya redio mpaka ya maonyo, yalikuwa ya Kijapani.

Kwa miezi kadhaa lilikwenda bila neno. Nililichaji ukutani kwangu kama watu wanavyochaji simu. Kwenye vituo vya mafuta nilipunguza mwendo, kusudi wanione napita.

Asubuhi iliyofuata baada ya aibu ya akina mama wa kwaya, niliwasha gari. Taa zote zimepotea, kobe ameenda zake. Nikalirudisha kwenye mlima ule ule peke yangu, jua limetoka, likapanda kama mlima haupo. Siku tatu baadaye, karibu na mashamba ya chai, kobe akarudi. Nilizima, nikahesabu mpaka ishirini, nikawasha, hayupo. Juma zima kimya. Halafu siku moja mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Nilipowasimulia wenzangu waliniangalia kwa huruma, kama mtu anayedai kuna paka anayezungumza naye watu wengine wakishatoka chumbani.

Fundi wa kwanza ana gereji hapa Tukuyu. Alinipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo madamu."

"Marahaba."

"Baba yuko wapi, tuongee naye kuhusu gari?"

"Baba yuko makaburini. Ongea na mimi."

Akafungua boneti. Akainama, akazunguka, akainama tena upande wa pili. "Injini wameiweka wapi?"

"Halina injini."

"Halina kabisa?"

"Lina mota."

Akajifuta mikono ambayo ilikuwa haijashika kitu. "Basi itakuwa oili," akasema.

Nilipomweleza kwamba hakuna oili ya injini kwa kuwa hakuna injini, alikasirika kidogo, akafunga boneti na kutoa hukumu. "Madamu, umeme na mvua havikai pamoja. Na hapa kwetu mvua hainyamazi. Hili gari lako lingefaa Dodoma." Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, madirisha yamefungwa.

Fundi wa pili nilimfuata Mbeya, kwa sababu niliambiwa ana kompyuta. Kweli alikuwa nayo. Alikuwa pia na koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, na gereji yake ilikuwa na viti vya kusubiria. Alichomeka waya chini ya usukani, akasubiri, na kompyuta ikaanza kushusha orodha ya makosa. Ishirini na tatu. Aliyasoma moja moja kwa sauti ya hakimu: breki, usukani, mota, mfuko wa hewa, chaji, feni, mpaka redio.

"Madamu," akasema, "hili gari limekwisha."

"Limenileta hapa kutoka Tukuyu sasa hivi."

"Ndivyo yanavyokuwa yakikaribia kufa."

Alisema betri kubwa, ile iliyolala chini ya viti na ambayo ndiyo inayoliendesha gari, imekufa, na kwamba inabidi iagizwe nje. Nikamwuliza kama ameipima. Akasema kompyuta imepima. Nikamwuliza ni kosa lipi kati ya yale ishirini na tatu linalosema betri imekufa. Akazungusha kidole juu ya kioo chote, kama mtu anayebariki mlo. Hapo nikavaa sura yangu ya darasani.

"Niambie fundi, breki, usukani na redio vinashirikiana nini hata viharibike siku moja, dakika moja?"

Akaitazama tena orodha. "Vyote viko kwenye gari," akasema.

Nilimshukuru kwa namna ambayo alijua simshukuru. Swali lile lilikuwa zuri. Jibu la taabu yangu yote lilikuwa humo humo ndani yake. Lakini nililiuliza ili kumkomoa, nikaridhika kwamba nimemkomoa, nikaondoka bila kujisumbua kulijibu mwenyewe. Yeye alikuwa ameyafuta yale makosa kwenye kompyuta, kwa hiyo nilipata juma moja la raha. Juma la pili yalirudi yote, na kobe wao.

Nikaamua kulitibu mwenyewe. Nilinunua daftari, nikapiga mistari: siku, saa, mahali, hali ya hewa, taa zilizowaka. Mwalimu mmoja kijana aliyapiga picha maandishi ya Kijapani kwa simu yake, na simu ikatafsiri: "Uwezo umepunguzwa. Tafadhali endesha kwa unyenyekevu." Niliandika hilo pia, kwa kuwa nilikuwa nimeapa kuandika kila kitu, na nikaona ni upuuzi wa mashine.

Kisha nikachukua mita ya kupimia umeme kutoka maabara. Gari la umeme lina betri mbili. Kuna ile kubwa, na kuna ndogo ya kawaida kama ya gari lolote, inayolisha taa, waipa, redio na zile kompyuta ndogondogo zinazosimamia kila kitu. Ile kubwa siigusi, ina umeme wa kuua. Ile ndogo niliipima Jumamosi asubuhi, jua linawaka, gari limezimwa, limetulia uani. Ilisoma volti kumi na mbili na nusu. Nikaandika NZIMA kwa herufi kubwa. Niliipima tena Jumatano, nikaipima Jumapili baada ya ibada. Kwa majuma mawili niliipima mara saba, kila mara uani, kila mara gari limezimwa, na kila mara nikaandika NZIMA nikajisikia mwanasayansi.

Daftari lilipojaa kurasa mbili nilikaa chini na kulisoma. Karibu kila kobe alikuwa ametokea kwenye mvua. Maji, basi. Maji yanaingia mahali. Nilikuwa nimefika kwenye maneno yale yale ya fundi niliyemcheka, yule aliyetafuta injini, ila mimi nilikuwa nimefika kwa jedwali na kwa hiyo niliona ni ugunduzi. Nilinunua nailoni ngumu, ile ya kufunikia vitalu vya miche, nikaikata, nikazungushia masanduku ya fyuzi na kila kiungo cha nyaya nilichokiona kule mbele, nikafunga kwa kamba. Kilichobaki nikakitandika chini ya boneti, kikawa kinachungulia pembeni.

Nilipoliegesha shuleni, mwalimu wa jiografia alisimama dirishani na kikombe chake. "Madamu," akasema, "gari limejifungua? Naona umelifunga kanga."

Lilizidi kuwa baya. Kobe akawa anakuja hata kwenye manyunyu.

Siku lilipokataa kabisa nilikuwa naenda Nkunga kumpongeza mwalimu mwenzangu aliyejifungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mvua inapiga kioo. Nilikuwa nimewasha taa, waipa za kasi, na feni ya kupuliza kioo kisishike mvuke. Barabara ilikuwa ya mashimo. Kwenye kona ya kupanda, taa zikawaka zote kwa pamoja, nyingine sijawahi kuziona, usukani ukawa mzito kama umeshikwa na mtu wa upande wa pili, na gari likasimama. Nyuma yangu nikasikia lori linakuja, honi imeshikiliwa.

Hapo sikuwa na dharau ya kumpa mtu yeyote. Nilikuwa na hofu tu. Lilikuwa lori la maparachichi, limejaa, na dereva alilifunga breki likaserereka, likasimama nyuma yangu hatua chache. Nikabaki nimeshika usukani. Watu wakatoka mashambani, wakalisukuma gari mpaka pembeni. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja mrefu aliyejikinga mvua kwa jani la mgomba, na nilipomwona nilitamani awe mtu mwingine yeyote.

Nilimjua. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, na ujuzi wake aliupata mikononi, hakuna chuo alichosoma. Baada ya kustaafu alikuwa akiitwa shuleni kwetu kutengeneza kengele, vipaza sauti, na vifaa vya maabara vilipogoma. Nilipopewa ukuu wa idara ya sayansi, nilimwambia mkuu wa shule kwamba mtu asiye na cheti hapaswi kugusa vifaa vya maabara. Kama hilo lingekuwa kosa langu lote, ningeweza kulitetea. Lakini pia nilikuwa nikimwigiza. Kiswahili chake kimebeba lugha ya kwao: gari kwake ni gali, mvua ni mfua. Nilisimama katikati ya chumba cha walimu nikasema, "Mfua imelowesha kengele," kwa sauti yake, na watu walishika mbavu. Hakuitwa tena. Mimi sikumfikiria tena, kwa sababu mtu unayemdharau vizuri huhitaji kumfikiria.

Sasa alikuwa amesimama kwenye dirisha langu.

"Mwalimu. Gali limekataa?"

"Limekataa, mzee. Shikamoo."

"Malahaba. Linakataa namna gani?"

Hakuna fundi aliyekuwa ameniuliza hivyo. Aliuliza, kisha akanyamaza kweli, akasubiri. Nikamweleza yote: mlima, kobe, Mbeya, daftari. Nikamwambia tatizo ni mvua na ushahidi ninao. Alisikiliza mpaka mwisho, maji yanatiririka kutoka kwenye jani lake.

"Mvua ikinyesha," akasema, na kuanzia hapa sitaandika lafudhi yake, nimeshaitumia vya kutosha, "wewe ndani ya gari unafanya nini?"

"Naendesha."

"Mikono yako inafanya nini?"

"Inashika usukani, mzee."

"Kabla ya kushika usukani."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Midomo ilikuwa tayari. Halafu nikaiona mikono yangu mwenyewe: inawasha taa, inawasha waipa, inawasha feni.

"Nawasha vitu," nikasema.

"Basi siyo mvua. Ingekuwa mvua inaingia, hili gari lingekataa hata likiwa limeegeshwa kwako linaloweshwa kutwa nzima. Ni wewe unawasha vitu. Una mita?"

Nilikuwa nayo, ya shule, kwenye droo ya dashibodi. Akaniambia nipime kama ninavyopima siku zote. Nikafungua boneti, vitu vyote vimezimwa, nikaweka ncha nyekundu kwenye kichwa chanya cha betri ndogo na nyeusi kwenye kichwa hasi. Kumi na mbili na zaidi kidogo.

"Nzima," nikasema. Najua kulikuwa na ushindi kwenye sauti yangu. Gari limekufa barabarani, nimenusurika kupondwa na maparachichi, na mimi nashangilia.

"Nzima ikiwa imelala," akasema. "Washa kila kitu."

Nikageuza swichi, nikawasha taa, waipa, feni. Namba ikashuka kidogo tu. Kisha mzee akanishika mkono, akaitoa ncha nyeusi kwenye kichwa cha betri na kuiweka kwenye bolti tupu ya bodi ya gari, nusu hatua tu kutoka pale. Namba ikaanguka. Kumi, tisa, tisa na kitu, na kila waipa ilipopiga ilichezacheza kama samaki kwenye ndoo.

Masikio yangu yalipata moto. Umeme wa ile betri ndogo unatoka kwa waya mwekundu, unalisha vitu vyote, na kurudi kwa kupitia bodi ya gari yenyewe na waya mmoja mnene mweusi uliofungwa kwenye bodi kwa bolti. Kiungo kile kikiwa kibovu, vyote vinakosa chakula kwa pamoja: breki, usukani, redio, kompyuta. Na kompyuta yenye njaa inalalamikia kila kitu, na kwa usalama inapunguza nguvu za gari. Na kiungo kibovu hukioni kama hakuna umeme mwingi unaopita. Mimi nafundisha jambo hili. Nimelifundisha kila mwaka tangu nije Tukuyu, nimelitungia maswali ya mtihani, nimewatia watoto alama za msalaba mwekundu kwa kulikosea. Na kwa majuma mawili nilikuwa nimepima betri iliyolala, kichwa kwa kichwa, nikaandika NZIMA.

Mzee alikuwa anaufuata ule waya mweusi kwa kidole.

"Usiguse nyaya za rangi ya chungwa," nikamwambia. "Zina umeme wa kuua."

"Naziona. Sina haraka ya kwenda mbinguni."

Waya uliingia chini ya nailoni yangu. Aliishika nailoni kwa vidole viwili na kuinyanyua kama mtu anayetoa panya kisimani. Maji yaliyokuwa yamekaa humo yakamwagika. "Hii nani kaiweka?"

"Mimi."

Akaitupa kwenye matope. Bolti ilikuwa pale, imevaa unga wa kijani na mweupe, na aliigeuza kwa vidole vitupu. Yule dereva wa lori, aliyekuwa ameshuka kunigombeza na badala yake akabaki kutazama, akaleta spana. Nilizima kila kitu, tukafungua waya kwenye betri kwanza, kisha bolti. Mzee akachomoa kisu chake cha kukatia majani ya mgomba, akakwangua ile pete ya waya na mahali pake kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa. Dereva akatoa grisi kidogo. Tukafunga, tukakaza. Nikawasha kila kitu tena na kupima kwenye ile bolti ya bodi. Namba ilikuwa sawa na ya kichwani mwa betri, na waipa zilipopiga ilitikisika kidogo tu.

Nikaliwasha gari. Taa zikawaka zote kama zinavyofanya mwanzo, zikazimika moja baada ya nyingine. Nilisubiri. Hakuna kobe.

"Kumbe ni nati tu?" dereva akauliza.

"Nati tu," mzee akajibu.

Nilitamani sana dereva yule aondoke na maparachichi yake. Alipoondoka nilibaki na mzee, ambaye alikuwa ananawa mikono kwenye maji ya mfereji wa barabara, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mzee," nikasema, "mimi ndiye niliyezuia usiitwe tena shuleni."

"Najua."

"Nilikosea."

"Hilo pia najua." Akakung'uta mikono. "Ulisema sina cheti. Wewe unavyo vingapi?"

"Vitatu."

"Vitatu," akasema, akaangalia ile nailoni iliyolala kwenye matope. "Na mita unayo." Akacheka, na hakikuwa kicheko cha kunifariji. Halafu akaacha kucheka. "Ile ya cheti sikuijali. Nilikuwa nimeshachoka na kengele yenu. Lakini ile ya kuniigiza ninavyosema, mke wangu aliambiwa sokoni, mbele ya watu. Yeye alikaa nayo muda mrefu."

Sikujua kama ilifika sokoni. Niseme ukweli: sikuwahi kujiuliza inafika wapi. Nilimwomba msamaha pale pale, mvua inaniingia shingoni, na yeye akasema atafikiri. Akaokota jani lake, akaingia migombani. Mimi nikaenda kumwona mtoto mchanga, nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na mama yake akanipa taulo kabla ya kunipa mtoto.

Jumatatu nilichora saketi ya gari langu ubaoni, kidato cha tatu, na nikawaeleza wanafunzi kila nilichofanya, pamoja na nailoni. Walicheka wakaanguka kwenye madawati. Sijawahi kufundisha kipindi kile kikaeleweka vile. Kwenye chumba cha walimu nako nilisimulia, na mwalimu wa jiografia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nilimwacha. Kisha nikaenda kwa mkuu wa shule kumwambia kwamba mzee aitwe tena. Aliitwa. Alituma jibu kwamba ana maparachichi ya kuchuma, na shule ina walimu wenye vyeti.

Nilidhani ndiyo mwisho. Baada ya kama majuma mawili akanitumia ujumbe mwingine: mke wake ana miadi ya macho hospitalini Tukuyu siku ya Alhamisi, na pikipiki kwenye mvua haimfai. Hakuuliza kama nina nafasi. Nikabadilishana kipindi na mwenzangu, nikaenda Nkunga.

Mama yule aliketi mbele, mzee nyuma. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa koti zito la kiume na kilemba kisafi, na jicho moja lilikuwa na utando. Nilimwamkia, akaitikia, basi. Tukaenda. Gari halikuwa na sauti yoyote zaidi ya waipa, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko barabara. Tulipofika lami nilimwambia. Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyemwigiza mzee wako, nikawachekesha watu. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Alitazama mbele. Kisha akageuza kichwa na kumwambia mumewe maneno marefu kwa Kinyakyusa, na mumewe akacheka, na yeye mwenyewe akacheka, wakacheka wote wawili mimi nikiwa nimeshika usukani. Nimekaa kwenye nchi ya watu hawa zaidi ya nusu ya umri wangu, nimekula ndizi zao, nimewafundisha watoto wao, na sikuelewa hata neno moja. Nilikuwa na muda wa kuwaigiza. Wa kujifunza lugha yao sikuwa nao.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema hili gari lako halina kelele," mzee akasema, "kwa hiyo kila unachosema humu ndani kinasikika. Uwe mwangalifu."

Sikujua kama huo ulikuwa msamaha, na sikuthubutu kuuliza. Niliwashusha mlangoni mwa hospitali. Mama akashuka polepole, akashika mkono wa mumewe, kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, waziwazi kabisa, kwamba daktari huwa anamaliza saa nane.

Saa nane nilikuwa pale.